Mjusi Asiyeonekana: Kisa cha Ceres na Mtoto Mfidhuli, Roma 1610

Katika orodha za makumbusho, picha hii huwekwa kwenye fungu la mageuzo, pamoja na wale wote ambao miungu ya Wagiriki na Warumi iliwageuza miti, ndege, wanyama au mawe. Aliyegeuzwa hapa ni mtoto wa kiume, na alichogeuzwa ni mjusi. Basi unaifungua picha ukimtafuta mjusi, na humwoni. Hakuna mkia, hakuna magamba, hakuna hata kidole kimoja kilichoanza kusinyaa. Kuna usiku, kibanda, mwanamke anayekunywa, kikongwe mwenye mshumaa, na mtoto aliye uchi anayenyoosha kidole huku akicheka.

Ni chapa iliyotolewa kwa bamba la shaba nyekundu lililochongwa mjini Roma mwaka 1610. Mchongaji ni Hendrick Goudt, Mholanzi. Aliyeibuni picha ni Adam Elsheimer, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1578, akapitia Venice, kisha akaingia Roma mwaka 1600 na kubaki huko mpaka kufa. Ukubwa wake ni kama sentimita 32 kwa 25, yaani inaizidi kidogo karatasi ya A4. Elsheimer naye alikuwa akipaka rangi juu ya vibamba vya shaba vidogo hivyo hivyo, kwa hiyo chapa na picha ya rangi vinakaribiana ukubwa. Jambo hilo si la kawaida. Wachongaji wengi walipewa mchoro wa ukutani wa mita kadhaa wakaupunguza uingie kwenye karatasi, na makosa yao yakajificha humo humo kwenye kupunguza. Goudt hakuwa na pa kujificha.

Swali la kisa hiki ni moja: kwa nini picha ya mageuzo haina mageuzo? Naamini wawili hawa walijua wanachokificha, na kwamba giza alilolichonga Goudt ndilo lililopewa kazi ambayo wachongaji wengine waliipa mikia na pembe. Lakini kabla ya giza, hadithi.

Inatoka kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, katika kitabu cha 5 cha Metamorphoses, utungo wa vitabu 15 uliokamilika karibu mwaka 8 BK. Pluto, mungu wa kuzimu, amemteka binti aitwaye Proserpina alipokuwa akichuma maua kando ya ziwa huko Sisilia. Mama yake ni Ceres, mungu wa nafaka, ambaye Wagiriki humwita Demeter. Ceres anawasha mienge miwili ya msonobari kwenye moto wa mlima Etna na kumsaka mwanawe usiku na mchana. Hali, hanywi. Kiu inapomzidi anaona kibanda kilichoezekwa kwa nyasi, anabisha hodi, anatoka bibi kizee. Anaomba maji. Bibi anamletea kinywaji kitamu kilichonyunyiziwa shayiri ya kukaanga.

Anapokunywa, mtoto mkavu wa macho anakuja kusimama mbele yake, anamcheka na kumwita mlafi. Ceres hajamaliza kunywa. Anamwagia usoni kilichobaki, shayiri na vyote. Uso unaingia madoa, mikono inakuwa miguu, mkia unaota, mwili unanywea mpaka unakuwa mdogo kuliko mjusi wa kawaida, usije ukawa na nguvu ya kudhuru. Kikongwe analia, ananyoosha mkono amguse, naye anakimbia kutafuta mahali pa kujificha. Basi. Ovid amemaliza kwa mistari kumi na kitu, na Ceres anaendelea na safari kana kwamba amekung'uta vumbi kwenye nguo.

Kuna jambo ambalo wanaosoma kipande hiki peke yake hulikosa. Ovid hasimulii mwenyewe. Anayesimulia ni Calliope, mmoja wa Muse, miungu wa kike wa sanaa, na anasimulia akiwa mashindanoni. Mabinti tisa wa Pierus wamekuja kuwakebehi Muse na kudai kwamba wanaimba vizuri kuliko wao. Wanashindwa, wanaendelea kutukana, na mwisho wanageuzwa ndege wapiga kelele wa jamii ya kunguru. Kwa hiyo mtoto anayemcheka Ceres amewekwa ndani ya wimbo unaoimbwa mbele ya watu wanaocheka miungu. Kama walikuwa na masikio wangelisikia onyo.

Wagiriki walikuwa na masimulizi yao ya zamani zaidi. Antoninus Liberalis, aliyekusanya hadithi za mageuzo kwa Kigiriki, anakihamishia kisa Attica, eneo la mji wa Athens, na kukitoa kwa mshairi Nicander. Kikongwe anaitwa Misme, mtoto anaitwa Ascalabus. Mtoto anapomwona mgeni anamaliza kinywaji kwa mkupuo mmoja, anapaza sauti kwamba aletewe sufuria kubwa, au pipa zima. Demeter anammwagia, anageuka mjusi mwenye madoa, anachukiwa na miungu na binadamu, anaishi kando ya mitaro. Kisha linakuja neno la mwisho: anayemuua mjusi huyo anapendwa na Demeter.

Msomaji aliyelelewa Pwani hapo atasimama kidogo. Wangapi wetu tulimfukuza mjusi kafiri ukutani na kandambili mkononi, tukiwa tumeambiwa kwamba alipuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim, na kwamba kumuua kuna thawabu? Simulizi ya moto imo kwenye hadithi za Mtume, na haina haja ya Ugiriki kuieleza. Sidai ukoo wowote kati ya hizo mbili. Naona tu kwamba kiumbe huyu mdogo asiye na sumu, anayekaa ukutani karibu na taa akingoja wadudu, amebebeshwa dhambi nzito zaidi ya mahali pamoja, na pande zote mbili kumuua kukahesabiwa jambo jema. Tena kibandani kwa yule kikongwe kuna ukuta, na kuna mshumaa.

Demeter huyo huyo ana kisa kingine cha mzaha, kwenye utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu. Anafika Eleusis akiwa kwenye msiba ule ule wa binti yake, anakaribishwa nyumbani kwa Metanira, anakaa kimya bila kula wala kunywa. Mtumishi aitwaye Iambe anaanza kumfanyia mzaha, mmoja baada ya mwingine, mpaka mungu mwenyewe anatabasamu, anacheka, moyo unapoa. Kisha anaomba kinywaji cha maji, unga wa shayiri na mnanaa. Msiba ni ule ule, kinywaji karibu ni kile kile, kicheko kipo pale na hapa. Mmoja anaheshimiwa, mwingine anageuzwa mjusi.

Tofauti hiyo mtu wa huku kwetu anaielewa bila kufundishwa, maana tuna utani. Mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ana ruhusa hiyo kwa ukoo au kwa kabila, na kila aliyepo anaijua. Iambe anafanya kazi ya mtani. Mtoto wa kibandani hana ruhusa yoyote. Ni mdogo anayemsimanga mkubwa, mwenyeji anayemhesabia mgeni matonge, na kinachochekwa ni kiu ya mtu ambaye hakuulizwa ametoka wapi. Hata hivyo adhabu ni kubwa mno kwa kosa la mtoto, na picha ya Goudt, ninavyoiona, haijaribu kutushawishi vinginevyo.

Sasa tuitazame. Ceres amesimama, kichwa kimeelekea nyuma, chombo kiko mdomoni. Hakuna wingu linalomzunguka wala miale ya kimungu. Anakunywa kama anavyokunywa yeyote aliyetembea mchana kutwa, bila madaha. Kikongwe amejikunja kwa uzee, ameshika mshumaa. Mwanga wa mshumaa unamwangukia mtoto, na ngozi yake tupu inakuwa moja ya sehemu nyeupe kuliko zote kwenye karatasi. Upo pia mwenge aliokuja nao Ceres. Mbali, nyuma, kuna moto mwingine mdogo na watu wasiojua lolote linalotendeka mlangoni hapa. Juu kuna anga la usiku lenye mwanga hafifu. Yaani mianga kadhaa, kila mmoja na chanzo chake, na kila mmoja unaishia mahali pake. Kati ya mmoja na mwingine ni giza tupu.

Wakati uliochaguliwa ni ule wa kati ya tusi na jibu. Tusi limeshatoka, kwa kuwa kidole kimeshanyooshwa. Jibu bado limo ndani ya chombo. Ceres hajashusha mikono, na kile kinachomwingia kooni ndicho kile kile kitakachomwagika baada ya muda usiozidi pumzi moja. Elsheimer angeweza kuchagua pumzi inayofuata. Wengi walifanya hivyo. Mwaka 1589 Hendrick Goltzius, bingwa wa wachongaji wa Uholanzi, alibuni mfululizo wa picha za hadithi hizi hizi za Ovid, na kwenye ile ya mfalme Lycaon, aliyemwandalia Jupiter, mkuu wa miungu, nyama ya binadamu, tunamwona Lycaon akikimbia na kichwa cha mbwamwitu juu ya mwili wa mtu. Ni ufumbuzi wa wazi. Nusu mtu, nusu mnyama, na mtazamaji anajua mara moja amefika sehemu gani ya hadithi. Actaeon naye, mwindaji aliyegeuzwa paa, alichorwa mara nyingi akiwa na kichwa cha paa dume na mapaja ya mwanamume.

Ufumbuzi huo una gharama yake. Kichwa cha mnyama juu ya mabega ya mtu hakitishi kwa muda mrefu. Ukikitazama mara ya pili kinaanza kuonekana kama barakoa ya ngoma, na jicho linahamia kwenye ufundi wa misuli. Kwa mjusi ingekuwa mbaya zaidi. Mbwamwitu ana ukubwa wa kumkabili mtu, ilhali mtoto mwenye kichwa cha mjusi angekuwa kichekesho, na picha nzima ingeungana na yeye kucheka. Elsheimer aliliona hilo, nadhani, ndiyo maana akamwacha mtoto mzima, mwenye afya, ngozi haina doa hata moja. Anayejua beti za Ovid anajua madoa yataanzia wapi. Asiyezijua anaona mtoto mtovu wa adabu tu.

Na huyo asiyezijua pia amenaswa. Maana tunamwona Ceres kwa mianga ile ile inayomwonyesha kwa mtoto, na tunachokiona ndicho anachokiona yeye: mwanamke mgeni anayegugumia kinywaji usiku mlangoni kwa watu. Hakuna kitu ndani ya picha kinachotuambia kwamba huyu ni mungu. Hilo tunalijua kutoka nje, kwa kusoma. Mtoto hakusoma.

Tukirudi kwenye giza, hapo ndipo kazi ya Goudt ilipo hasa, na inahitaji kuelezwa kifundi ili ithaminiwe.

Mchongaji wa shaba wa karne ya 17 hakuwa na rangi wala brashi. Alikuwa na kipande chembamba cha chuma cha pua, chenye pembe nne, kilichokatwa mshazari kwenye ncha na kutiwa mpini wa mbao wa mviringo unaokaa kiganjani. Bamba lililazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Mkono wa kulia unasukuma chuma mbele, mkono wa kushoto unazungusha bamba, na mstari wa duara unapatikana kwa kuzungusha bamba zaidi ya kupinda chuma. Uzi wa shaba unajikunja mbele ya ncha na kudondoka. Ukisukuma kwa nguvu mfereji unazama na kutanuka, na mstari unanenepa. Ukilegeza unakonda mpaka unapotea. Mabaki makali kando ya mfereji yanakwanguliwa. Kisha wino mzito unapakwa bamba zima, unafutwa juu na kubaki mifereji tu, karatasi iliyoloweshwa inalazwa juu yake, na vyote vinapitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo yanayobana mpaka karatasi inaingia ndani ya mifereji kuuchota wino. Chapa inatoka kinyume, kushoto kunakuwa kulia. Maandishi nayo lazima yachongwe kinyumenyume.

Kwa kifaa hicho, nyeupe inapatikana bure: ni karatasi isiyoguswa. Nyeusi inanunuliwa mstari kwa mstari. Anga la usiku linaanza na mistari sambamba. Juu yake safu nyingine inapita mshazari, kisha nyingine, na katikati ya mistari mikubwa inapenyezwa midogo sana. Hatari iko mwisho wa kazi. Ukiisongamanisha mistari kupita kiasi, kuta nyembamba za shaba kati ya mifereji zinavunjika, mifereji inaungana kuwa shimo pana, na shimo pana halishiki wino vizuri. Pale ulipotaka weusi kuliko wote unapata kiraka cha kijivu. Kwa hiyo mchongaji mwenye tamaa ya giza anaishi ukingoni, akiacha vijidirisha vyeupe vidogo mno kati ya mistari, ambavyo jicho halivihesabu lakini vinaufanya weusi uonekane una kina kama wa mahameli. Ukiikuza picha kwenye skrini utaviona. Ukiirudisha kwenye ukubwa wake vinayeyuka.

Hakukuwa na njia ya mkato. Ile mbinu ya kulikwaruza bamba lote liwe jeusi kwanza, halafu kulisawazisha polepole kuelekea kwenye mwanga, chanzo chake ni majaribio ya Ludwig von Siegen mwaka 1642, miaka 32 baadaye. Goudt alilazimika kwenda upande mgumu, kutoka mwanga hadi giza, na kuujua mapema mpaka wa kila mwanga kabla chuma hakijagusa shaba. Mwali wa mshumaa wa kikongwe ni karatasi tupu. Ni sehemu ambayo mkono wake haukupita, nao ukapita karibu kila mahali pengine.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali la mwanzo. Mageuzo ni kitu kuacha umbo lake taratibu. Kwenye chapa hii umbo linaachwa na mwanga. Mwili wa mtoto ni imara upande wa mshumaa, halafu mistari inaanza kumla, upande wake wa pili unaingia kwenye usiku na huwezi kusema kwa yakini ngozi imekwisha wapi na kivuli kimeanza wapi. Goudt hakumchora mtoto akigeuka. Alimchora mahali ambapo kugeuka kunawezekana.

Sasa kuhusu wenyewe wawili, maana kisa cha bamba hili kina upande wa fedha na lawama.

Elsheimer alifanya kazi polepole mno. Picha zake zilizobaki hadi leo ni kama 40, karibu zote ndogo, juu ya shaba. Madeni yalimwandama. Goudt alitoka kwenye familia yenye uwezo, akafika Roma, akaishi kwa muda nyumbani kwa Elsheimer, akawa kwa wakati mmoja mwanafunzi, mpangaji na mnunuzi. Mtu mmoja kuvaa kofia hizo tatu ni kuomba ugomvi. Joachim von Sandrart, mchoraji wa Kijerumani aliyeandika maisha ya wasanii, anasema Elsheimer alifungwa kwa deni, na waandishi wa baadaye walimnyooshea Goudt kidole kwamba ndiye mdai. Ninaloliona ni kwamba Elsheimer alikufa Roma Desemba 1610, akiwa na miaka 32, na mwaka 1611 Goudt akarudi Utrecht na picha kadhaa za marehemu mikononi mwake.

Tarehe 14 Januari 1611 mchoraji Peter Paul Rubens alimwandikia kutoka Antwerp daktari Johann Faber, rafiki yao wa Roma, baada ya kupata habari ya kifo. Barua hiyo inasomeka kwa uchungu. Rubens anasema fani yao yote ingepaswa kuvaa nguo za msiba, kwamba Elsheimer hakuwa na mfano katika watu wadogo wadogo na mandhari, kisha anamwomba Mungu amsamehe dhambi ya uvivu, ambayo kwayo aliinyima dunia vitu vizuri mno. Ni namna ya kuomboleza inayouma: kumsifu mtu na kumlaumu kwa pumzi moja. Mimi sidhani mtu anayeweza kupanga mianga kadhaa ndani ya sentimita 30 ni mvivu. Ila Rubens alikuwa mwenye karakana kubwa yenye wasaidizi wengi, na kwa macho ya mwenye karakana kubwa, polepole na uvivu vinafanana. Toleo moja la picha ya rangi ya Ceres, lililopo leo kwenye makumbusho ya Prado mjini Madrid, lilikuwa mali ya Rubens mwenyewe. Baada ya kifo chake mwaka 1640 lilinunuliwa kwa ajili ya Mfalme Philip IV wa Hispania.

Goudt naye alichonga mabamba saba tu maishani, yote kutoka kwa Elsheimer. La kwanza ni la Tobias na malaika, mwaka 1608. La Ceres, 1610, ndilo la mwisho lenye tarehe kutolewa Elsheimer akiwa hai. Yaliyofuata aliyachonga Utrecht. Chini ya chapa zake aliweka beti za Kilatini kwa mwandiko wa mapambo, herufi zenye mikia mirefu inayojizungusha, pamoja na jina lake na vyeo vyake vya kikabaila. Wapo wanaoliona hilo kama majivuno ya tajiri aliyejipachika kwenye kazi ya maskini. Majivuno yapo, sikatai. Lakini mwandiko ule umechongwa kinyumenyume kwenye shaba, kila mkia wa herufi ukianza mwembamba, ukinenepa na kukonda tena bila mkono kutetemeka. Anayeweza hivyo hakununua ufundi. Baadaye, kwa mujibu wa Sandrart, akili zake zilivurugika baada ya mwanamke aliyetaka kuolewa naye kumpa limbwata, ingawa akizungumzia sanaa alikuwa na busara zake. Alifariki Utrecht mwaka 1648.

Mwaka 1612 alichonga kisa kilicho kinyume kabisa cha hiki, nacho kimo kitabu cha 8 cha Ovid. Philemon na Baucis, wazee wawili maskini, wanawakaribisha Jupiter na Mercury bila kujua ni kina nani, wanawapa walicho nacho, na mwisho wanageuzwa miti miwili inayoota pamoja ili asiwepo wa kumzika mwenzake. Ni usiku tena, kibanda tena, mgeni mlangoni tena, na mageuzo tena hayaonekani. Ukiziweka chapa hizo mbili pamoja unaona kwamba kutoonyesha mageuzo haikuwa bahati ya mara moja. Ilikuwa namna yao ya kumsoma Ovid. Nchini Uholanzi, mchoraji Rembrandt aliijua chapa hiyo ya Philemon, na picha yake ya Philemon na Baucis ya mwaka 1658, iliyopo Washington, inaegemea juu yake.

Kupitia karatasi hizi Elsheimer alifika mahali ambapo vibamba vyake visingefika kamwe. Picha ya rangi ni moja, iko kwenye chumba cha mwenye nayo. Chapa zilisafiri. Ile ya pili ya Tobias, ya mwaka 1613, ilimfikia Hercules Segers, mchongaji wa Kiholanzi, ambaye alilichonga wazo hilo upya kwenye bamba lake kubwa. Bamba la Segers likaishia mikononi mwa Rembrandt, naye karibu mwaka 1653 akawafuta Tobias na malaika kwa kulisugua lile eneo la shaba, akachora mahali pao Yusufu, Mariamu na mtoto wakikimbilia Misri, na kuyaacha mandhari ya Segers karibu yalivyokuwa. Bawa la malaika halikufutika lote. Sehemu yake inaonekana bado kwenye majani ya miti. Kama tunatafuta mageuzo yanayoonekana kwa macho, hayo hapo, na yamefanyika kwenye shaba yenyewe.

Kwa anayetaka kuichunguza chapa ya Ceres, Rijksmuseum ya Amsterdam, Metropolitan ya New York na British Museum ya London wanazo nakala, na Rijksmuseum wanaruhusu picha zao za zamani zikuzwe na kupakuliwa bure. Linganisha nakala zaidi ya moja. Shaba ni laini, na kila karatasi inayopita mtamboni inaisaga kidogo. Mistari inayokufa mapema ni ile midogo iliyopenyezwa katikati ya mikubwa, yaani hasa ile inayoubeba usiku. Nakala za mwanzo zina giza zito, na inabidi macho yazoee kabla watu wa nyuma hawajajitokeza. Za baadaye zimekuwa za kijivu, kila kitu kiko wazi, mshumaa haushindani na lolote, na mtoto amesimama pale akicheka bila kitu chochote nyuma yake cha kumwogopesha mtazamaji. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua ile ambayo mwanzoni huoni vizuri.